Mazoezi ya Picha Huanzia Mlangoni



Ukiingia katika nyumba nyingi za askari na polisi utakuta ukutani picha za namna mbili. Ya kwanza ni ya gwaride: vijana wamesimama safu kwa safu siku ya kuhitimu mafunzo, na baba mwenye nyumba hatambulikani mpaka uhesabu vichwa kutoka kushoto. Ya pili ni ile ndogo ya kitambulisho, iliyokuzwa hata sura ikawa kama imefunikwa na ukungu. Picha ya baba akitengeneza kigoda, ya mama akianika sare, ya bibi akimsuka mjukuu nywele, hizo hazipo. Si kwamba hatuna kamera. Siku hizi simu nyingi zinayo. Bali tumezoea kuamini kwamba picha ni kitu cha harusi, cha Krismasi na cha Idi, na kwamba ufundi wake ni wa mtu mwenye duka mjini.

Juma hili napenda kueleza kinyume cha hayo. Ufundi wa kupiga picha hujifunzwa nyumbani, kwa vitu vya kila siku, tena kidogo kidogo. Nitaeleza kwa mfano wa jirani yetu mmoja katika kota, mke wa koplo wa polisi wa usalama barabarani, ambaye ameniruhusu kusimulia habari zake bila kumtaja jina.

Mama huyu aliachiwa na kaka yake kamera ya dijitali iliyokwisha tumika. Hakuwa na nauli ya kwenda mbugani kuwapiga picha tembo, wala hakuwa na fundi wa kumfundisha. Alikuja kwetu kuuliza kwa kuwa alijua nimesomea ualimu. Ujuzi wangu wa picha ulikuwa wa vitabuni tu, lakini kanuni za kufundisha hazibadiliki: shika jambo moja kwa wakati mmoja, lirudie, na uandike ulichokiona. Basi tukakubaliana juu ya sheria tatu.

Sheria ya kwanza ilikuwa picha 36 kwa juma, wala si zaidi. Hiyo ndiyo idadi iliyotoka katika mkanda mrefu wa filamu ya milimita 35, nayo yatosha picha tano kila siku na sita siku ya Jumapili. Kamera za leo hupiga mamia ya picha bila gharama, na kwa sababu hiyo mwanafunzi hubonyeza kabla ya kufikiri. Mwenye risasi chache hulenga kwa makini. Jambo hili wasomaji wa gazeti hili hawana haja ya kufundishwa. Sheria ya pili ilikuwa asivuke hatua mia moja kutoka mlangoni pake. Sheria ya tatu ilikuwa kila picha iandikwe daftarini: saa, mahali, alilokusudia, na lililotokea.

Juma la kwanza alijifunza mwanga. Aliweka jerikeni moja ya manjano karibu na kizingiti, akaipiga picha mara tano kwa siku: saa moja asubuhi, saa tatu, saa sita, saa kumi, na saa kumi na mbili kasorobo jioni. Majirani walicheka, wakauliza jerikeni ile imepata cheo gani. Lakini siku ya nne alikuwa amekwisha ona mambo ambayo maneno matupu yasingemfundisha. Asubuhi na jioni mwanga huja kwa ubavu, ukaonyesha kila mkwaruzo na kila tone la maji. Saa sita jua letu la ikweta liko karibu juu ya utosi. Kivuli hujikunyata chini ya kitu, na kama ni uso wa mtu, macho hugeuka kuwa mashimo meusi mawili. Akaandika daftarini: mchana, ingia kivulini au barazani. Akatambua pia kwamba huku kwetu jua likitua giza halichelewi, kwa kuwa jua hushuka karibu wima. Anayetaka mwanga wa jioni awe tayari kabla haujafika.

Juma la pili alijifunza jinsi kamera inavyopokea mwanga huo. Mfikirie mtu anayekinga maji bombani. Akifungua koki sana, ndoo hujaa upesi. Akiifungua kidogo, hana budi kungoja. Tundu la lenzi ndilo koki, na muda ambao kamera hufumbua jicho lake ndio kungoja. Katika kamera yenye tarakimu, tundu huandikwa 4, 5.6, 8, 11, 16, na jambo linalowatatiza wengi ni hili: tarakimu ikikua, tundu hupungua, na kila hatua hukata mwanga nusu. Wapiga picha wa zamani wasio na kipimo cha mwanga walikuwa na kanuni moja ya jua kali: weka tundu 16, kisha muda ulingane na namba ya filamu. Filamu ya 100 ilitaka karibu 1/125 ya sekunde. Jirani yetu aliijaribu kanuni hiyo uwanjani, akaona kwamba bado yafaa hata katika kamera isiyo na filamu.

Halafu kuna utulivu wa mkono. Kuku anayekimbia husimama katika picha kwa 1/500 ya sekunde. Lakini mwanga ukififia na muda ukarefuka kupita 1/60, hata pigo la moyo wa mpigaji huweza kutikisa picha. Hapo mumewe, aliyekuwa bado hajapata uhamisho, akawa mwalimu. Alimwambia, "Mama, hii ni bunduki tu isiyoua. Bana viwiko mbavuni, tanua miguu, toa pumzi nusu, kisha bonyeza polepole wala usidonoe." Tangu siku hiyo picha za jioni zikapona.

Juma la tatu ulikuwa wakati wa nyuso, na hapa pana jambo linalotuhusu sana. Kamera haijui inachokitazama; hujumlisha mwanga wote ulio mbele yake na kutafuta wastani. Askari wa usalama barabarani akisimama juani na sare yake nyeupe, kamera hudhani kwamba mwanga umezidi, ikaupunguza. Sare hupendeza, na uso wa mwenye sare hupotea gizani. Dawa yake ni kupima mwanga usoni. Katika simu, gusa uso kwenye kioo, kisha ongeza mwanga kidogo. Katika kamera, kisogelee kile kilicho muhimu, upime hapo, halafu urudi nyuma. Sare ikififia kidogo si hasara. Baba ni uso wake.

Jirani yetu aligundua pia hazina iliyokuwa ikimwumiza macho kila siku. Vile vibanda vya mviringo vya bati ling'aalo, ambavyo vimewahifadhi polisi wengi wa Uganda, hurudisha mwanga wa jua kama kioo. Alimweka mtoto kivulini, akamwelekeza uso kwenye ukuta wa bati uliopigwa na jua la saa tatu, nao uso wote ukajaa mwanga mwororo. Wenye studio mjini hununua vyombo vya kufanya kazi hiyo.

Asidhani mtu kwamba mazoezi ya namna hii ni ya wanyonge waliokosa pa kwenda. Josef Sudek, aliyezaliwa mwaka 1896 huko Kolín, katika nchi ambayo leo ni Ucheki, alikuwa fundi wa kujalidi vitabu. Katika Vita Kuu ya Kwanza alipelekwa medani ya Italia kama askari, akajeruhiwa na kupoteza mkono wa kulia. Kujalidi vitabu kwa mkono mmoja hakukuwezekana, basi akashika kamera. Miongoni mwa picha zake za awali ni za askari wenzake walemavu katika nyumba yao ya matunzo mjini Prague. Kisha tangu mwaka 1940 mpaka 1954, miaka ambayo kwa sehemu mji huo ulikuwa chini ya majeshi ya Ujerumani, alirudia kupiga picha dirisha la chumba chake cha kazi: umande juu ya kioo, glasi ya maji, mti uliopinda nje. Dirisha lilikuwa lile lile, na picha hizo zimempa jina duniani.

Na hapa Afrika, Seydou Keïta wa Bamako, Mali, alikuwa seremala alipopewa na mjomba wake kamera ndogo aina ya Kodak Brownie mwaka 1935. Alianza na ndugu zake na majirani. Alipofungua studio yake mwaka 1948, alitumia mwanga wa ua, na pazia lake la kwanza la nyuma lilikuwa shuka ya kitanda chake mwenyewe. Papo kwa papo kamba hukata jiwe.

Lakini sisi tunaokaa katika kota na kambi tuna wajibu ambao Keïta hakuwa nao. Kabla ya picha ya kwanza, jirani yetu alikwenda kwa mkuu wa kituo na kusema, "Afande, naomba ruhusa nijifunze kupiga picha nyumbani kwangu." Akajibiwa, "Mlangoni kwako piga, mama. Lango, ghala, mlingoti wa mawasiliano na magari ya kazi, usiguse." Hilo ni jibu la haki, na kila familia yapasa kuliuliza kabla ya kuanza. Tena, simu nyingi huweza kuandika ndani ya picha mahali hasa ilipopigwa. Fungua mipangilio ya kamera na uzime jambo hilo, hasa kama mwenzako yuko kazini mbali na akutumia picha. Na jirani aombwe idhini kabla hajapigwa, si baada yake. Mtoto wa mtu huombewa kwa wazazi wake.

Sasa nieleze faida ya haya yote. Katika juma la tano mume wa jirani yetu alipata uhamisho kwenda Moroto. Nyumbani alimwacha mama yake mzazi, aliyekuja kwa matibabu, na ambaye kila asubuhi aliketi kizingitini kuchambua maharagwe. Kwa kuwa alikuwa ndani ya zile hatua mia moja, na kwa kuwa hakuchoka kuketi, mama huyo akawa somo la kila siku. Jirani yetu alimpiga picha akitazama ungo, akisinzia, akimkemea kuku. Picha moja daftarini aliiandika hivi: "Saa mbili asubuhi. Nilikusudia uso. Uso umetulia, mkono umetikisika, maharagwe yanaruka. Haikufaulu."

Miezi miwili baadaye yule bibi alifariki dunia. Mwanawe alisafiri kutoka Moroto akafika siku ya maziko. Ndugu walipotafuta picha ya marehemu walipata ile ya kitambulisho, yenye macho ya mtu aliyeambiwa asicheke. Ndipo jirani yetu akatoa daftari na picha zake. Walizitazama zote kimya, na ile ambayo mwana aliichagua ni ile "isiyofaulu". Alisema kwamba mkono ule haukuwahi kutulia tangu alipokuwa mtoto, na kwamba angewaonea huruma wajukuu kama wangedhani bibi yao alikuwa mtu wa kukaa kimya kama kwenye kitambulisho. Shangazi watatu waliomba nakala kabla ya kuondoka.

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Kazi ya mume au mke wa jeshi na polisi ni kazi ya kutokuwapo: hayupo mtoto anapoota jino, hayupo mzazi anapochambua maharagwe asubuhi za mwisho. Hatuwezi kumrudisha kwa picha. Twaweza tu kumwekea asubuhi moja, naye akifika aikute. Kwa hiyo mazoezi haya si mchezo wa wenye nafasi. Kwa familia zetu ni sehemu ya kutunza nyumba, kama kushona kifungo.

Basi wewe unayetaka kuanza, anza juma hili. Chagua kitu kimoja kisichohama, kiwe jerikeni, jiko au baiskeli, ukipige picha mara tano kwa siku katika saa zile zile, uandike daftarini ulichoona. Juma la pili, mtu mmoja wa nyumbani akiwa kazini pake, kwa idhini yake. Mwisho wa kila juma usifute zile unazodhani hazikufaulu mpaka uwaonyeshe wengine nyumbani. Kisha chagua moja tu ichapishwe mjini, na nyuma yake uandike kwa penseli laini, bila kukandamiza, jina la mtu, mahali na tarehe. Simu hupotea na kuibwa. Karatasi iliyoandikwa nyuma huweza kusomwa na mtoto ambaye bado hajazaliwa.

Juma lijalo, tukijaliwa, tutazungumza juu ya kuzihifadhi picha hizo katika nyumba yenye unyevu na mchwa.