Haki ya Kujua Kilichomo Majini

Katika bonde la Ndungu, chini ya milima ya Upare, mpunga hulimwa kwa maji ya mfereji. Dawa ya magugu inyunyiziwapo shambani yaweza kufuata maji hayo hadi kwa jirani achotaye ya kunywa. Kwa macho haionekani. Na kuchemsha, ijapokuwa huua vijidudu, hakuiondoi.

Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha 2,4-D, mojawapo ya dawa hizo, kuwa miligramu 0.03 kwa lita: yaani gramu moja katika lita 33,000 hivi. Kupima kiasi kidogo namna hiyo kwahitaji mtambo wa kromatografia, unaotenganisha kemikali moja na nyingine. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020, makao yake yako Ngaramtoni, Arusha. Kwa mwanakijiji ni mbali, tena ni gharama.

Ndugu wapendwa, hatumlaumu mkulima apambanaye na magugu. Twadai sampuli zichukuliwe majira ya kunyunyizia, si baada ya mavuno, na majibu yabandikwe kijijini, yasifungiwe kabatini. Maji salama ni haki, si sadaka. Naye mwenye shamba la juu akumbuke kuwa aliye chini ya mfereji ndiye jirani tuliyeamriwa kumpenda.