Alama za Simu Atoe Nani?

Wapo wasemao kwamba ubora wa simu ni kazi ya mafundi, nasi watumiaji tulipe na kunyamaza. Nakataa. Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, wenye makao yake Geneva, ulikwisha kukubali kwamba hakimu ni sikio la msikilizaji. Katika kanuni yake ya P.800, ya mwaka 1996, watu husikiliza sauti ya simu na kuipa alama: 5 kwa iliyo bora, 1 kwa mbaya. Kisha hutafutwa wastani.

Hapo kwenye wastani ndipo mwalimu ninapobisha. Darasa lenye wastani mzuri laweza kuficha mtoto asiyejua kusoma. Vivyo hivyo, simu nzuri za Mwanza mjini hazimsaidii mvuvi wa Ukara. Katika maji yale yale ambamo MV Nyerere ilizama tarehe 20 Septemba 2018 na kuua watu zaidi ya 200, simu ya kuomba msaada si anasa. Ikikatika, wastani wa mkoa haumwokoi mtu.

Basi TCRA, kila inapopima ubora, ifike mialoni na visiwani, iwaulize wasikilizaji wenyewe, na itangaze matokeo kata kwa kata. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.