Uwanja wa shule si uwanja wa helikopta

Tumezoea kuamini kwamba helikopta hutua popote na kupaa kutoka popote. Kampeni baada ya kampeni, mazishi baada ya mazishi, wanasiasa wetu wa Kenya wameikuza imani hiyo: uwanja wa shule unatosha, umati utasogea, mengine atajua rubani. Imani hiyo ni ya uongo, na wanaohatarishwa nayo zaidi ni watoto wanaokimbilia vumbi kabla ya mtu yeyote kuwazuia.

Mei 2016, helikopta iliyobeba mwili wa mfanyabiashara Jacob Juma ilipopaa mjini Bungoma, mtu mmoja alidandia vyuma vyake vya chini. Akaning'inia juu ya mji hadi alipoanguka, na kwa bahati akapona. Nchi nzima ilicheka na kusambaza video. Nilichotaka kusikia, na sikukisikia, ni swali moja: nani alikuwa na kazi ya kumzuia asifike pale? Rubani akiwa kitini haoni mkia wa chombo chake wala kilicho chini yake. Anategemea macho ya watu walio ardhini, na mara nyingi ardhini hakuna aliyepewa kazi hiyo.

Wengi hudhani hatari huanza angani. Dakika ya kupaa ina hatari zake. Mguu mmoja wa helikopta ukinasa kwenye tope, kisiki au kamba ya hema huku rubani akiongeza nguvu, chombo huegemea mguu ule na kuanza kupinduka. Kikizidi nyuzi chache za mwinamo, usukani hauwezi tena kukirudisha, na yote hayo hutokea kwa sekunde. Uwanja mkavu hutoa vumbi linalomfungia rubani macho wakati anapohitaji kuona ardhi kuliko wakati wowote. Mabati yaliyolegea na maturubai hurushwa. Panga la mkia huzunguka kwa kasi hata macho hayalioni, nalo liko kwenye kimo cha kichwa cha mtu.

Hata helikopta isiyo na hitilafu yoyote huua. Machi 2022, katika hospitali ya Derriford mjini Plymouth, Uingereza, helikopta ya uokoaji ilileta mgonjwa. Haikugonga kitu. Upepo wa mapanga yake ulimwangusha mwanamke mzee aliyekuwa kwenye maegesho ya magari karibu na hapo, akafariki. Ikiwa hayo yanatokea kwenye kituo cha kutua kilichojengwa na hospitali, tunatarajia nini uwanjani penye maelfu ya watu na hema lililofungwa kwa kamba za mkonge?

Najua jibu linalokuja: barabara ni mbovu, viwanja vya ndege ni vichache, na mgonjwa wa Turkana hawezi kungoja. Ni kweli, na sitaki safari hizo zipigwe marufuku. Lakini udharura wa mgonjwa hauwezi kuazimwa na mgombea anayechelewa mkutano wake wa tatu. Mgombea ana siku nzima ya kuandaa uwanja: kumwagia maji vumbi, kuondoa mahema na mabati, kuzungusha kamba, kumteua mtu mmoja mwenye sauti ya mwisho. Wanaopanda na kushuka wangoje mapanga yasimame. Ikibidi kuikaribia helikopta injini ikiwaka, mtu aende kwa mbele akiwa ameonwa na rubani na kuruhusiwa, kamwe asitokee upande wa mlima ambako mapanga huwa karibu zaidi na ardhi. Gharama yote ailipe aliyeikodi helikopta, si shule.

Kampeni za 2027 zitafika kwenye malango ya shule hizohizo. Mwalimu mkuu atakayeombwa uwanja aulize nani atashika kamba, nani atawazuia watoto, na nani atamwambia rubani asipae. Asipopewa majina, afunge lango.