Tusiache Mbachao kwa Gia za Kisasa

Hapa Visiwani pikapu ni gari ya kila mtu, hata ya yule asiyekuwa nayo. Ndiyo ichukuayo karafuu kutoka mashamba ya Pemba hadi kituo cha kuuzia. Ndiyo ibebayo mwani mkavu wa Paje na Jambiani, dagaa wa ufukweni, saruji na mabati ya wajenzi. Na usiku wa manane, mama mjamzito anaposhikwa na uchungu kijijini, mara nyingi mlango unaogongwa kwanza ni wa jirani mwenye pikapu. Kwa hiyo badiliko lolote katika gari hii si jambo la wenye magari peke yao. Ni jambo la wananchi wote.

Badiliko hilo liko njiani, na sehemu yake imekwisha kufika. Gari zenye klachi na gia za mkono zinapungua duniani, na nafasi yake inashikwa na zile zinazojibadilishia gia zenyewe, ambazo sote tunaziita otomatiki. Mabishano juu ya jambo hili husikika barazani na hata maofisini. Wazee wa usukani husema kwamba asiyejua klachi si dereva. Vijana hujibu kwamba klachi ni mateso yasiyo na faida. Sisi tunaona kwamba pande zote mbili zinaliacha swali lililo kubwa zaidi.

Kwanza tuyatazame mambo yalivyo. Giaboksi ya otomatiki si kitu kipya. Kampuni ya General Motors ya Marekani iliitoa katika gari zake za Oldsmobile mwaka 1939. Lakini kwa muda mrefu ilihesabiwa kuwa ni chombo cha starehe, na gari ya kazi ikabaki na klachi yake. Leo mambo yamegeuka. Huko huko Marekani, Ford iliacha kutia gia za mkono katika pikapu yake ya F-150 baada ya toleo la mwaka 2008, na Ram ikafanya hivyo katika pikapu zake kubwa baada ya toleo la mwaka 2018. Wako waliosita: Toyota Tacoma ya mwaka 2024 ilitolewa kwa namna zote mbili. Lakini hata Land Cruiser ya mfululizo wa 70, iliyoanza mwaka 1984 na ambayo maofisa wetu wanaijua vizuri, iliporudishwa katika soko la Japani mwaka 2023 ilikuja na gia sita za otomatiki.

Japani ndiko zitokako gari nyingi zilizokwisha tumika ambazo hushushwa katika bandari zetu. Huko tangu mwaka 1991 ipo leseni ya kuendesha otomatiki peke yake, na mwaka 2025 utaratibu wa skuli za udereva ulibadilishwa, mafunzo ya otomatiki yakawa ndiyo ya msingi, na gia za mkono zikawa ni nyongeza. Basi tusijidanganye. Sisi tununuao vilivyotumiwa na wenzetu hatutaulizwa maoni yetu. Wao wakiacha gia za mkono leo, bandari zetu zitaacha kuzipokea kesho.

Wala si haki kuilaumu otomatiki kwa makosa isiyokuwa nayo. Katika vilima vya Pemba, gari yenye mzigo ikisimama katikati ya mwinuko, dereva mchanga wa klachi huteseka; ama gari humrudia nyuma, ama huiunguza sahani ya klachi. Otomatiki humwondolea taabu hiyo. Mtu ambaye mguu wake wa kushoto hauna nguvu anaweza kuiendesha na akajipatia riziki yake. Tena zile za zamani, zenye gia tatu au nne, ndizo zilizosifika kwa kula mafuta. Za leo zina gia sita, nane, hata kumi, na nyingi huweza kulingana na gia za mkono kwa matumizi ya mafuta, au kuzishinda.

Hata hivyo, kila chombo kina mahali pake na masharti yake. Katika gia za mkono, dereva hukanyaga klachi, akaitenga injini na magurudumu, akaingiza gia, kisha akaachia. Sahani ikilika, fundi mwenye jeki na spana huishusha giaboksi chini ya mwembe akatia nyingine. Katika otomatiki ya kawaida, nguvu ya injini hupita ndani ya chombo kilichojaa mafuta, ambamo mapanga ya upande mmoja huyasukuma mafuta, na mafuta hayo yakazungusha mapanga ya upande wa pili. Nyuma yake zimo gia zilizopangwa kwa duara, sahani nyembamba nyingi, na vali zinazopokea amri ya kompyuta. Mafuta hayo ndiyo roho ya chombo chote. Yakichakaa, yakichemka kwa sababu ya mzigo uliopita kiasi, au yakitiwa yasiyo ya aina yake, chombo hufa. Maji yakiingia, kama inavyoweza kutokea kwa pikapu inayoteremshwa majini kufuata mwani au dagaa, gundi inayoshika nyuzi za sahani hizo huharibika. Kazi hiyo haimaliziki chini ya mwembe.

Tuchukue mfano. Pikapu imezimika usiku huko Konde, betri imekufa, na mgonjwa anangojwa hospitali ya Wete. Ikiwa ni ya gia za mkono, vijana wanne huisukuma, dereva akatia gia ya pili, akaachia klachi, ikawaka. Ikiwa ni otomatiki za siku hizi, wakiisukuma mpaka alfajiri haitawaka. Hawana budi kutafuta betri nyingine. Wala kuivuta kwa kamba masafa marefu, magurudumu yanayosukumwa na injini yakiwa chini, si salama, kwani injini isipozunguka pampu haipeleki mafuta, na giaboksi hujila yenyewe. Dereva asiyeelezwa jambo hili ataiponya gari mkononi na kuiua njiani.

Hapa ndipo lilipo swali tulilosema linaachwa. Si kuuliza ipi ni bora, bali ni nani ataitengeneza, kwa kifaa gani, na akiwa kisiwa gani. Gari inayotengenezeka Tokyo au Nairobi lakini haitengenezeki Chake Chake si gari ya Pemba, hata ikiwa mpya kiasi gani. Giaboksi ikihitaji kuvuka bahari mara mbili ili itengenezwe, wananchi waliokuwa wakiitegemea gari hiyo watakaa bila ya usafiri kwa muda wote huo, na nauli ya giaboksi itatoka katika fungu lile lile la dawa au la pembejeo.

Kwa hiyo tunatoa ushauri wetu kwa wahusika, tena kwa nia njema.

Kwanza, kwa wizara na mashirika yanayoagiza pikapu. Asitie saini ofisa yeyote kabla ya kuuliza mambo matatu: fundi wake yuko hapa? Mafuta yake halisi yanapatikana hapa? Vipuri vyake vitafika kwa muda gani? Jawabu ya lolote kati ya hayo ikiwa ni hapana, basi ama inunuliwe ya gia za mkono, ama gharama ya kulitimiza sharti hilo itiwe katika bei tangu mwanzo. Gari za mjini zinazosimamasimama katika msongamano wa Darajani zinaweza kuwa otomatiki bila ya hasara kubwa. Gari za shamba na za visiwa vidogo, ambako fundi hufika kwa mashua, tunashauri zibaki na klachi mpaka masharti hayo yatimie.

Pili, kwa vituo vya mafunzo ya amali, kama vile vya Mwanakwerekwe, Mkokotoni na Vitongoji. Kijana anayejifunza ufundi wa magari lazima aifungue giaboksi ya otomatiki kwa mikono yake, aione iliyoungua na iliyo nzima, na ajue kutumia kifaa cha kusoma makosa ya kompyuta. Fundi asiyefundishwa hubahatisha, na anayelipa gharama ya kubahatisha kwake ni mwenye gari.

Tatu, kwa skuli za udereva na watoaji wa leseni. Mwanafunzi aanze kwa klachi, kwani ajuaye klachi hujifunza otomatiki kwa siku moja, lakini ajuaye otomatiki tu hawezi kushika usukani wa gari ya mbao wala wa lori kuukuu la kijiji. Na atakayechagua kufanya mtihani kwa otomatiki peke yake, leseni yake iseme hivyo wazi, kama ufanyavyo utaratibu wa Uingereza. Siku ya dharura si siku ya kugundua kwamba dereva aliyepatikana haijui gari iliyopatikana.

Nne, kwa madereva wenyewe. Wapo wanaoamini kwamba mafuta ya otomatiki hayabadilishwi maisha. Kwa gari inayobeba mzigo mzito katika joto la pwani, imani hiyo ni ya hatari. Asiyeziba ufa hujenga ukuta, na bei ya galoni chache za mafuta si kitu mbele ya bei ya giaboksi.

Huenda mtu akatuambia kwamba tunabishana juu ya vitu viwili ambavyo vyote vinakufa, kwa kuwa gari za umeme hazina klachi, na nyingi hazina hata gia za kubadilisha. Ni kweli kwamba Ford ilianza kuuza F-150 ya umeme mwaka 2022, na Toyota ikatangaza mwaka 2025 Hilux mpya ambayo miongoni mwa aina zake imo ya umeme mtupu. Lakini sisi wa Visiwani tunao ushahidi wetu juu ya umeme. Waya wa kwanza wa chini ya bahari kutoka Bara ulianza kazi mwaka 1980. Mwaka 2008 Unguja ilikaa gizani kiasi cha mwezi mmoja, na kuanzia Disemba 2009 ikakaa tena kiasi cha miezi mitatu. Pemba ilipata waya wake kutoka Tanga mwaka 2010, na waya mpya wa Unguja wa megawati 100 ukafuata mwaka 2013. Hali leo ni njema zaidi, lakini funzo la siku zile lisisahauliwe: chombo kizuri kisicho na akiba wala mtengenezaji wa karibu hugeuka kuwa msiba siku kinapokatika. Pikapu ya umeme nayo itakapofika bandarini, itakabiliwa na maswali yale yale matatu.

Wahenga walituasa tusiache mbachao kwa msala upitao. Hawakusema msala mpya usitandikwe kamwe. Walisema mbachao usitupwe kabla msala haujawa wako. Otomatiki itakuwa yetu siku atakapopatikana Vitongoji kijana wa kuifungua, kuitengeneza na kuirudisha barabarani siku hiyo hiyo. Mpaka hapo, tunawaomba wakubwa wenye kutia saini wamkumbuke yule mama wa Konde, na wamnunulie gari itakayowaka.