Lori la Rimoti na Betri Yake

Vijana wetu hapa Katy wanayapenda malori makubwa ya rimoti, na mengine huzidi kilo 10. Yafaa tujue kinachoyaongoza.

Ndani mna kipokezi, kinachopokea amri, na sevo, mota ndogo inayogeuza magurudumu. Gurudumu likibanwa, sevo huvuta umeme mwingi kwa ghafla. Volti zikishuka mno, kipokezi huzimika na lori haliongozeki tena. La petroli lina hatari zaidi, kwani injini yaweza kuendelea kunguruma ilhali betri ya kipokezi imekwisha.

Kwa hiyo twanasihi: sevo kubwa ipewe betri madhubuti. Seli 5 za nikeli, volti 1.2 kila moja, hutoa volti 6. Betri ya lithiamu ya seli 2 ni ya volti 7.4, na ikijaa hufika 8.4, isiungwe moja kwa moja ila sevo na kipokezi viwe vimeandikwa kuwa vyahimili kiasi hicho. Lori la petroli lifungwe pia kifaa kinachozima injini mawasiliano yakikatika.

Mtoto wa jirani naye ni amana yetu. Wabillahi tawfiq.