CHUO CHA KISII NI CHA NANI?



Siku hizi maneno juu ya vyuo ni mengi. Kwenye matanga, kwenye harusi na kwenye mikutano ya hadhara, hakosi kusimama mkubwa mmoja akaahidi chuo kikuu kipya, watu wakapiga makofi. Sisi wafanyakazi wa upande wa Manga, wachuma chai, waashi, mafundi wa kuchomelea, washonaji, madereva na makarani, tumeona yafaa nasi tuseme letu. Swali letu ni moja tu: chuo cha jimbo ni cha kazi gani, na ni cha nani?

Kwanza tukumbuke kilikotoka. Mwaka wa 1966 Baraza la Makanisa la Kenya lilitoa ripoti iliyouliza mtoto akimaliza shule afanye nini. Swali lile ndilo lililozaa polytechnic za vijijini. Miaka michache baadaye nchi ilishikwa na moto wa harambee ya vyuo vya ufundi. Watu wa Nyeri walianzisha chuo cha Kimathi, watu wa Magharibi wakaanzisha WECO huko Kakamega, watu wa Kisumu wakaanzisha Ramogi. Na sisi Abagusii hatukubaki nyuma. Mwaka wa 1971 kilianzishwa Gusii Institute of Technology.

Vyuo vile havikushuka kutoka mbinguni. Vilijengwa kwa michango ya wananchi. Na aliyechanga alijua anachotaka: mtoto wake apate ufundi wa mkono, aandikwe kazi au ajiandike mwenyewe. Hiyo ndiyo hati ya kwanza ya chuo, ingawa haikupigwa mhuri.

Sasa tutazame yaliyovipata vyuo vile. WECO kilikwisha kuwa chuo kikuu cha Masinde Muliro mwaka wa 2007. Kimathi kikawa chuo kikuu mwaka wa 2012. Kenya Polytechnic ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka wa 1961, ikawa chuo kikuu mwaka wa 2013, na ile ya Mombasa vivyo hivyo. Hapa kwetu Kisii, chuo cha walimu cha mwaka wa 1965 kimekuwa Chuo Kikuu cha Kisii tangu mwaka wa 2013. Lakini Gusii Institute haikugeuzwa. Mwaka wa 2016 ilipandishwa ikawa Kisii National Polytechnic, na hata leo inafundisha ufundi.

Hatuvionei wivu vyuo vikuu. Daktari twamtaka, mwalimu twamtaka, mhandisi twamtaka. Bali twasema hivi: kila chuo cha ufundi kinapovaa joho, ngazi hupoteza kidato cha chini. Aliye juu hupata pa kukanyaga, na aliye chini hubaki amenyoosha mkono. Wilaya yenye chuo kikuu na isiyo na mahali pa kumfundisha fundi bomba ni kama nyumba yenye paa zuri isiyo na msingi.

Wako watakaotujibu, na jibu lao lina uzito. Watasema, “Mkoloni naye alitaka Mwafrika ajifunze jembe na randa tu. Je, nanyi mwataka watoto wetu wabaki mafundi?” Ni kweli, Tume ya Phelps-Stokes iliyopita Afrika ya Mashariki mwaka wa 1924 ilihimiza sana elimu ya kilimo na kazi za mikono kwa Waafrika. Wazee wetu waliishuku elimu ya namna hiyo, na walikuwa na haki. Lakini ubaya ule haukuwa katika randa. Ubaya ulikuwa katika kumfungia mtu mlango wa kwenda mbele, na kumlipa fundi mweusi mshahara wa kibarua. Sisi hatutaki mlango ufungwe. Twataka mtu aanzie chini kwa heshima, na akitaka kupanda apande hata afike juu kabisa.

Wenzetu wa nchi nyingine walikwisha kulifikiri jambo hili. Huko Marekani chuo cha kwanza cha namna hii kilianza Joliet mwaka wa 1901 kikiwa na wanafunzi 6. Leo vyuo kama hivyo vimeenea nchi nzima, na kazi yake ni kumpokea jirani: kijana na mzee, anayekuja mchana na anayekuja jioni baada ya kazi. Hapo ndipo tunapotaka kuweka mkazo.

Maana hapa kwetu chuo bado kinamtazama mtoto aliyetoka shule jana. Ni sawa, naye ana haki yake. Lakini mtu mzima aliye kazini ataingia kwa mlango gani? Chukua fundi wa kuchomelea wa sokoni. Ametengeneza milango na madirisha miaka 15. Kazi yake ni safi, kila mtu anajua. Lakini hana cheti, basi mwenye kandarasi humlipa kama mbeba zege, na kijana mwenye karatasi husimama juu yake kumwamuru. Fundi huyu hana haja ya kukaa darasani miaka mitatu, na watoto wake watakula nini? Haja yake ni madarasa ya jioni na ya Jumamosi, na kupimwa ule ujuzi alio nao, apewe tredi testi ya gredi inayomfaa. Kutoka juu ya mlima wa Manga mji wa Kisii waonekana vizuri. Lakini kuonekana si kufika, hasa kwa mtu atokaye kazini saa kumi na moja.

Na pesa zipo, ndugu zetu. Sheria ya mafunzo ya viwandani ni ya tangu mwaka wa 1959. Kwa sheria hiyo kila mwajiri hutozwa shs. 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, ziwe za mafunzo. Tajiri akimpeleka mfanyakazi wake kusoma kwa njia iliyokubaliwa, aweza kudai kurudishiwa gharama. Basi ulizeni huko mnakofanya kazi: katika miaka mitano hii, ni wangapi kati yetu waliopelekwa kusoma kwa shilingi hizi? Ikiwa jibu ni meneja na karani wake tu, hapo mna jambo la kuleta mezani.

Tena kuna habari ya mashine. Wengi wetu tuna ndugu katika mashamba makubwa ya Kericho. Mwezi wa Mei 2023 watu walizichoma moto mashine za kuchumia chai huko, wakiona zinawanyang'anya unga. Ghasia zilileta kifo, na kazi hazikurudi. Sisi hatumcheki mtu anayepigania chakula chake. Lakini mashine haitazuiwa kwa kiberiti. Yapasa ipingwe kwenye meza ya mapatano, na huku watu wetu wajifunze kuiendesha na kuitengeneza, ili itakapokuja isiwaletee mafundi kutoka mbali na kuwaacha wenyeji wakitazama. Kazi hiyo ya kuwatayarisha watu ni ya nani kama si ya chuo cha jimbo?

Chuo kitazame pia mali iliyo miguuni pake. Ndizi zetu hupanda lori zikiwa mbichi kwenda Nairobi. Mawe ya sabuni ya Tabaka huchongwa kwa jasho, na faida kubwa huliwa na walanguzi. Chai yetu huuzwa ng'ambo kwa gunia, ikafungwe kwenye pakiti na watu wengine. Kwa watu 1,266,860 wa Kisii na 605,576 wa Nyamira waliohesabiwa mwaka wa 2019, shamba halitoshi kugawanywa tena. Baba aliyerithi ekari mbili hawezi kuwagawia wana watano. Kitakachobaki cha kurithisha ni ufundi.

Jambo jingine ni mpaka. Katiba ya mwaka 2010 iliziweka polytechnic za vijijini mikononi mwa kaunti, na chuo cha Kisii ki mikononi mwa Serikali ya taifa. Tena Manga iko Nyamira na chuo kiko Kisii. Mtoto ni mmoja, wenyewe ni watatu, na kila mmoja akimwona humwelekeza kwa mwenziwe. Mpaka wa kaunti usiwe ukuta. Anayemaliza polytechnic ya kijijini apokewe Kisii pale alipofikia, asirudishwe kuanza upya.

Mwisho, fundi asifundishwe mkono tu akaachwa kichwa. Vyama vya wafanyakazi vilikuwa na chuo chao Kampala tangu mwaka wa 1958, na hapa Kenya kuna chuo cha Tom Mboya, Kisumu, kwa sababu wazee wetu walijua kwamba asiyejua haki yake huifanyia kazi haki ya mwingine. Kila mwanafunzi wa ufundi asome Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, na ile ya fidia kwa mtu anayeumia kazini. Asitoke na cheti bila kujua maana ya mkataba anaoutia sahihi.

Basi twadai mambo haya manne:

1. Chuo kibaki cha ufundi. Atakayetaka chuo kikuu kingine na akijenge mahali pengine.

2. Madarasa ya jioni na ya Jumamosi yafunguliwe kwa watu walio kazini, na tredi testi iletwe karibu, hata huku Manga.

3. Polytechnic za vijijini ziunganishwe na chuo cha Kisii kwa njia moja ya kupanda.

4. Wafanyakazi wapewe kiti katika baraza la chuo. Watoto wetu ndio wanaosoma, na kodi yetu ndiyo inayokilisha.

Haya si maombi ya sadaka. Babu zetu walichanga, nasi twalipa kodi kila mwezi. Mjumbe wa kila tawi ayasome mbele ya wanachama, wayajadili, na majibu yaletwe kwa katibu. Ukinyamaza leo, kesho usiulize kwa nini mwanao amekosa pa kuingilia.

UMOJA NI NGUVU.