Viti Vilivyochomwa Hungaria

Tunaposimulia jinsi Wamongoli walivyoivamia Hungaria mwaka 1241, tunapenda kusifu farasi wao na mishale yao. Hiyo ni nusu ya habari, tena nusu nyepesi. Nusu nyingine ni ya aibu: wenye nyumba walianza kuibomoa kabla adui hajavuka milima ya Karpati.

Mfalme Béla wa Nne aliporithi ufalme mwaka 1235, aliamuru viti vya mabwana barazani vichomwe moto, wasikae tena mbele yake. Wakanuna. Kisha akawapokea Wakumani, wafugaji waliowakimbia Wamongoli hao hao. Mifugo yao ikala mashamba, wenyeji wakawaita wapelelezi, na kiongozi wao, Köten, akauawa mjini Pest. Watu wake wakaondoka kwa hasira, wakipora njia nzima. Hivyo ndivyo fitina ilivyowafukuza wapiganaji waliomjua adui kuliko wote!

Tarehe 11 Aprili, huko Mohi kando ya mto Sajó, Wahungaria walikuwa wamejizungushia mikokoteni, mahema yamesongamana, kamba zimepishana, mtu hana pa kupita. Wamongoli wakawazingira, wakaacha upenyo mmoja tu. Walioukimbilia walifyekwa barabarani. Béla aliponea chupuchupu, akaishia pwani ya Dalmatia.

Wamongoli walipoondoka mwaka 1242 alirudi, na hapa tumtendee haki. Yeye aliyekuwa akiwanyang'anya mabwana ardhi, sasa aliwagawia ili wajenge ngome za mawe. Akajenga mji wa ngome juu ya kilima cha Buda. Wakumani aliwaita warudi, na mwanawe István akamwoza binti wa mmoja wa wakuu wao. Enyi mnaoona haya kutengua amri mbovu kwa kuwa mliitoa wenyewe, mtazameni mfalme huyu: kwa kutengua zake alipata ufalme wa kurithisha.

Wamongoli waliporudi mwaka 1285 walizikuta kuta za mawe, wakatoka na hasara. Lakini kuta hizo hizo ziliwatia mabwana kiburi. Ukoo wa Árpád, yaani ukoo wa Béla mwenyewe, ulipokatika mwaka 1301, wakubwa miongoni mwao walikuwa wakitawala majimbo kama mali yao, na Károly Róbert, aliyetaka kiti cha Hungaria, ilimbidi apigane nao miaka mingi, ngome kwa ngome.